Wa Nyacheki ni Mtamu

Soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, lilikuwa limefurika. Aketch, mhudumu wa duka la dawa, alikuwa amevaa gauni la manjano na viatu vyeupe alivyovikinga na matope. Alinyoosha mkono kuchukua kichane cha ndizi. Mkono mwingine ukamtangulia, ukaanza kuzibonyeza moja moja.

"Kaka, unanunua ama unazikanda?"

Mwanamume akacheka kwa aibu. Alikuwa Onyancha, fundi wa umeme aliyerudi masomoni ukubwani, akisomea takwimu jioni.

"Ni utafiti, dada. Nalinganisha ndizi za Nyacheki, za Nyamira na za Keroka. Napima utamu, ulaini na harufu."

"Si uonje utamu tu umalize?"

"Hapana. Hivyo vitatu hutembea pamoja. Ndizi ikiiva inakuwa tamu, inalainika, inanukia. Nikipima kimoja kimoja, makundi yanaweza kuonekana sawa. Nikivitazama vyote kwa pamoja, tofauti inajitokeza."

"Haya, mtafiti. Basi nichagulie."

Alimchagulia. Akampa na namba ya simu.

Zikafuata simu za kila jioni. "Umekula, mpenzi?" "Ndizi." "Za wapi?" "Nitajuaje? Sina vipimo vyako!" Jumamosi, siku ya Sabato, walikutana kanisani Nyanchwa, Aketch kwenye kwaya, Onyancha kiti cha mbele, akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Onyancha alikuwa Mgusii, Aketch Mjaluo wa Homa Bay. Lugha yao ilikuwa Kiswahili. Lakini Onyancha akiwa na haraka, kila kitu kwake kiligeuka mtu. "Simu yangu ameanguka," alisema siku moja. Aketch akajibu, "Pole yake. Ameumia?"

Kisha mama yake Aketch akapiga simu: "Mlete Jumapili nimwone." Alhamisi hiyo, Aketch alikimbia chuoni kumpa mpenzi wake habari. Mlangoni akasikia sauti yake, akiongea kwa simu na Makori, mwanafunzi mwenzake.

"Huyu wa Nyacheki ni mtamu, bwana! Wa Nyamira ni mlaini, wa Keroka ananukia. Nimewalinganisha wote watatu, na nimeamua. Ni wa Nyacheki!"

Aketch akashikilia ukuta. Wanawake watatu! Na wa Homa Bay hata hakuhesabiwa.

Simu za Onyancha hazikupokelewa tena. Ijumaa ukaja ujumbe: "Oa huyo wa Nyacheki. Jumapili nenda kwa mama yake, si kwa mama yangu."

Onyancha alisoma, akasoma tena. Alipokumbuka maneno aliyomwambia Makori, akaelewa. Alicheka, kisha akaogopa, akapiga magoti akaomba.

Sabato, baada ya ibada, alimfuata Aketch chini ya ngazi za kanisa, na kikapu mkononi.

"Aketch, hawa ndio..." Akajisahihisha. "Hizi ndizo nilizokuwa nazisema. Hii ni ya Nyacheki. Ni tamu. Hii ya Nyamira ni laini. Hii ya Keroka inanukia."

Aketch alizitazama ndizi, akamtazama na yeye.

"Onyancha. Yaani nimelia siku mbili kwa sababu ya ndizi?"

"Nisamehe, mpenzi. Ni ngeli zangu."

Kicheko kilimtoka, wanakwaya wakageuka. Kisha akakaza uso. "Na mimi? Umenipima kwa vipimo gani?"

"Kicheko chako, maombi yako, ulimi wako mkali. Kimoja kimoja nimeviona kwa wengine. Vyote pamoja, sijaviona kwa mwingine yeyote." Akaweka kikapu chini. "Ukikubali, nataka nikuoe."

Aketch alichukua ndizi ya Nyacheki, akaimenya, akauma polepole.

"Ni tamu kweli," alisema. "Kesho mama atatupikia samaki. Ukionja, useme, 'Huyu ni mtamu.'"

"Si nitakosea tena?"

"Kwa samaki, mume wangu, hapo utakuwa umepatia."