Siku ya Kufuma Blanketi la Mungu

"Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Ingia, sufu inakusubiri."

Hemlata hakuingia. Alikuwa ameoga alfajiri kwa maji yaliyomgonganisha meno, hajala kitu tangu jana kama wenzake wote, na shali aliyojitanda ilikuwa safi. Alikuwa tayari kwa kila kitu, ila miguu ilikataa kuvuka kizingiti.

"Nakuja, Mama. Napiga simu moja tu."

"Simu? Leo?" Mama yake, Rukma, hakuinua hata macho kutoka kwenye mkeka. "Jua likizama blanketi halijaisha, Mungu tutamfunika na hiyo simu yako?"

Wasichana waliokaa kwenye mkeka wakacheka kwa chini chini. Walikuwa kumi. Wa kumi na moja alikuwa yeye.

Hii ndiyo kazi ambayo kijiji cha Mana hakimwachii mtu mwingine. Kila mwaka, kabla milango ya hekalu la Badrinath haijafungwa kwa miezi sita ya theluji, wasichana wa kijiji wasioolewa husokota sufu na kufuma blanketi moja kwa siku moja. Kuhani mkuu hulipaka samli, akaifunika nalo sanamu ya Mungu, kisha milango hufungwa. Wake za watu siku hiyo huchota maji na kutunza moto, lakini sufu hawaigusi. Hemlata alianza kufuma akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa na ishirini na minne. Mama yake ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama, na hakuna kitu alichojivunia kama vidole vya binti huyu.

Shida ilikuwa moja tu, na haikuwa ndogo. Tangu mwezi Juni, Hemlata alikuwa mke wa mtu.

Akazunguka nyuma ya ukuta wa kuni, akapiga.

"Digambar, uko wapi?"

"Niko Daraja la Bhima. Nina wageni wawili wa Pune, wazee wa watu, nawapeleka maporomoko ya maji ya Vasudhara. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Leo ndiyo siku ya blanketi."

Kule alikokuwa Digambar mto ulisikika ukinguruma chini ya daraja.

"Si nilikutumia meseji juzi, baada ya kuhani kutaja siku?" Hemlata akasema.

"Niliiona. Sikuwaza."

"Hukuwaza. Kila siku unasimama mbele ya hekalu unawasimulia wageni habari za blanketi hilo, neno kwa neno, wanapiga picha, wanakushukuru. Halafu hukuwaza kwamba anayelifuma ni mkeo."

Maneno yalimtoka kwa uchungu, na alikuwa na haki. Walifunga ndoa Gopeshwar mbele ya msajili, mashahidi wawili, saini, basi. Digambar aliahidi kwenda kwa baba mkwe kabla ya sikukuu ya Dussehra. Dussehra ikapita, akasema msimu wa wageni uishe kwanza. Msimu ukaanza kuisha, akasema wasubiri kijiji kishuke bondeni kukimbia theluji. Yeye ni mtu wa Pandukeshwar, bonde la chini, si wa kabila la akina Hemlata, na baba mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa wapagazi wa kubeba mizigo ya wageni. Kila akijiandaa kusema, aliahirisha tena.

"Sikiliza, Hema," akasema. "Waambie uko kwenye siku zako. Hakuna atakayekugusisha sufu."

"Nalala chumba kimoja na Mama. Siku zangu anazijua kuliko ninavyozijua mimi."

"Basi ingia ufume. Ni siku moja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Hema, baba yako akisikia leo, msimu ujao hakuna mtu wa Mana atakayenibebea hata begi la mgeni. Nitakuwekaje nyumbani kwangu? Nakuomba, vumilia leo tu."

"Wewe unamwogopa baba yangu. Mimi namwogopa aliyemo hekaluni. Usitufananishe."

Akakata simu.

Alipoingia, mama yake alimnyooshea kijiti kitupu cha kusokotea, kama alivyofanya miaka yote, bila kuangalia. Kijiti kikabaki hewani.

"Shika, mwanangu."

"Siwezi kushika, Mama."

"Unaumwa?"

"Pengine yuko kwenye siku zake, wifi," akasema Shangazi Gomti kutoka kwenye moto. "Mwache akae pembeni."

"Siku zake ziliisha wiki iliyopita," Rukma akajibu. Sasa aliinua macho. "Hema, una nini?"

Hemlata alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yalimkimbia, likabaki moja.

"Nimeolewa."

Sufu ikasimama mikononi mwa wasichana kumi.

"Umeolewa na nani?" Rukma aliuliza kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ilimtisha Hemlata kuliko kelele.

"Nilimwahidi sitamtaja mpaka aje mwenyewe."

"Makubwa haya," Shangazi Gomti akaguna. "Mume hana jina, hana sura. Tumwite nani, Bwana Upepo? Hata chai tutamwekea upande gani?"

"Gomti, funga mdomo," Rukma akasema. Kisha akamgeukia binti yake, uso umekuwa mweupe kama ile sufu. "Ondoka kwenye mkeka. Mguu wako usiiguse kamba ya mtambo wa kufumia."

Hemlata akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mgongo ukagota ukutani. Machozi yalimjaa. Miaka kumi na miwili alikuwa wa mkeka ule, na sasa alikuwa kitu cha kuepukwa.

"Rachna, kaa nafasi yake," Rukma akaamuru. "Mtakuwa kumi, mtafanya kazi ya kumi na moja. Anzeni."

Baba yake, Kundan Singh, aliitwa kutoka hekaluni, akafika anahema. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nimeshawajibu watu wa bonde la Niti," akasema. "Tukishuka tu, wanakuja kukuposa. Nimewapa neno langu."

"Najua, Baba."

"Nani kakuoa?"

"Atakuja kusema mwenyewe."

"Au hakuna mtu. Humtaki huyo kijana wa Niti, umetunga mume."

"Sijatunga."

"Haya. Wenzako watamaliza blanketi jua halijazama. Akija kabla halijatolewa nje, nitamsikiliza. Asipokuja, wewe ni mwongo uliyechezea siku ya Mungu, na kesho asubuhi nawapigia watu wa Niti waje hata kabla hatujashuka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

Hemlata akatoka nje, akaketi kwenye jiwe uani, akaandika meseji: "Nimewaambia nimeolewa. Jina lako sijalitaja. Kulitaja ni kazi yako."

Akatuma. Ikatokea tiki moja. Akangoja, tiki ikabaki moja. Ukishapita daraja ukaanza kupanda Vasudhara, mtandao haupo, na Hemlata alilijua hilo vizuri kabisa. Alijua pia kwamba mtu akiwapeleka wazee wawili mpaka kwenye maporomoko hawezi kurudi kabla ya giza.

Ndani mtambo ulikuwa ukigonga. Kina mama walipita na ndoo za maji wakimzunguka kwa mbali. Mmoja tu alimtazama, na ingekuwa heri asingemtazama. Upepo wa milimani ulipenya kwenye shali. Njaa ilimbana, lakini hakuona sababu ya kufungua mfungo ambao wenzake hawajaufungua.

Mchana Rachna, binti wa baba yake mdogo, alitoka kunyoosha mgongo, akapita karibu yake.

"Ni Digambar?" akanong'ona.

"Usiniulize."

"Dada, kijiji kizima kinajua anavyokutazama. Baba Mkubwa peke yake ndiye hajui. Atakuja?"

"Hajui chochote. Meseji haijamfikia. Na hata ikimfikia, sijui."

"Mimi ningesema niko kwenye siku zangu," Rachna akasema taratibu, akarudi ndani.

Jua likasogea. Hemlata alianza kumchukia Digambar, akaona hawezi, akaanza kujichukia mwenyewe. Alimpenda mwanaume mwoga, hiyo ndiyo ilikuwa kweli yake siku ile, na ilimuuma kuliko macho ya kina mama.

Kivuli cha mlima kilikuwa kimefika nusu ya ua aliposikia viatu vya ngozi vikipiga mawe ya kichochoro, haraka haraka. Digambar akatokea, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Nyuma yake, mbali kidogo, wazee wawili wenye kofia za sufu walikuwa wakijikokota na fimbo zao.

"Umesoma meseji yangu?" Hemlata akauliza bila kusimama.

"Meseji gani?" Akajipapasa mifukoni. "Simu ilizima kule juu kwa baridi."

"Sasa umerudi kwa nini?"

"Tulifika nusu ya njia. Mama mgeni akaniuliza, hilo blanketi hufumwa lini. Nikasema leo. Akauliza, hufumwa na nani. Nikafungua mdomo, nikashindwa kujibu." Akapangusa uso. "Hema, umeshafuma?"

"Sijagusa. Nimesema nimeolewa. Nimekaa hapa tangu asubuhi kama mwenye ukoma."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina la nani? Hukuniruhusu kuwa na jina."

Digambar akainamisha kichwa. Yule mzee mgeni, Bwana Joglekar, alikuwa amefika, anaegemea fimbo.

"Binti, msamehe kidogo," akasema huku akitafuta pumzi. "Tuliahidiwa maporomoko, katugeuza njiani. Katuambia mke wake yuko peke yake. Mke wangu akasema, kama ni hivyo maporomoko yatatungoja."

"Uliwaambia mimi ni mke wako?" Hemlata akamwuliza Digambar.

"Niliwaambia."

"Wageni ni rahisi kuwaambia. Wanaondoka kesho."

"Ndiyo maana nimekuja kwa wasioondoka."

"Asubuhi uliniambia nidanganye."

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Bado naogopa," akasema, na sauti yake ilithibitisha. "Lakini nimekuja."

Kundan Singh alikuwa ameshasimama mlangoni. Alimtazama kijana, akamtazama binti yake, akaelewa.

"Wewe? Niliyekupa wapagazi miaka mitatu? Uliyekunywa chai uani kwangu?"

"Ni mimi, Baba."

"Usiniite Baba."

"Sawa, Bwana Kundan Singh. Mimi ndiye mume wa Hemlata, tangu Juni. Cheti hiki hapa." Akatoa karatasi ndani ya begi la vibali vya wageni, ameifunga kwa nailoni mara mbili. "Kuwaficha ni kosa langu. Na leo asubuhi nilimwambia aingie afume, akae kimya. Akakataa. Hilo nalo ni langu, mlijue."

Kina mama walioshika ndoo wakazitua chini.

"Ulimwambia mwanangu aguse sufu ya Mungu akiwa mke wa mtu?"

"Nilimwambia."

"Na wewe ndiye msimulizi wa mila zetu kwa watu."

"Ndiyo mimi."

Kundan Singh aliisoma karatasi muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maneno, kisha akaikunja na kumrudishia. "Msimu ujao hutapata mpagazi hapa Mana. Hata mmoja."

"Najua."

"Ulijua, na bado umekuja?"

"Nilikuja nikijua."

Kundan Singh akageuka akatazama mlima. "Nitawaambia nini watu wa Niti?" akajisemea. Ndani mtambo ulikuwa umenyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Wasichana kumi walitoka wamelibeba blanketi lililokunjwa, vidole vimevimba, vichwa vimeinama, na watu wote uani wakaunganisha viganja vifuani. Bwana Joglekar alivua kofia. Hemlata alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani ili asiliguse hata kwa pindo la nguo, na kumwona akirudi nyuma vile kulimfanya Digambar alie waziwazi.

Blanketi likapita, likaelekea hekaluni, kijiji kikifuata. Rukma alitoka wa mwisho. Hakumtazama Digambar. Alisimama mbele ya binti yake, karibu sana.

"Mwaka jana?" akauliza.

Hemlata akaelewa. Ni swali lililokuwa likimtafuna mama yake siku nzima, kila alipowatazama wasichana wakikaza uzi.

"Mwaka jana nilikuwa msichana, Mama. Na miaka yote. Sijawahi kuligusa kwa uongo."

Rukma akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mume wako karudi kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake. Meseji haikumfikia."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akashika shali ya binti yake kwa mikono miwili, akaivuta juu polepole mpaka ikafunika nywele zote, akaikaza chini ya kidevu.

"Tembea na mimi," akasema. "Mke wa mtu hapiti mbele ya hekalu kichwa wazi."