Nani Amepakiwa Nini?

Siku za kazi, Zéphyrin na binti yake Zoé walizungumza kwa karatasi. Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye friji, katika fleti yao ndogo mjini Mansfield, Texas. Zoé akitoka shule, baba yuko ghalani. Baba akirudi, Zoé amelala. Basi mmoja anaandika, mwingine anajibu.

"Mboga ya sombe iko kwenye sufuria ya bluu. Kula ushibe."

"Nimeshiba, Papa. Lakini nimechoka kula na televisheni."

Maneno hayo yalimchoma Zéphyrin. Mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo mtoto huyu, sasa ana miaka kumi na miwili, alikula peke yake. Zéphyrin aliwalaumu wakubwa wa kazi.

"Wanapanga zamu kama wanavyopanga maboksi," alinung'unika. "Lakini boksi halina mtoto."

Ijumaa moja msimamizi wake, mama wa Kikenya aitwaye Kagendo, alimpa karatasi. Mkuu wa wapakiaji wa zamu ya asubuhi alikuwa amehamia Katy, kule Houston. Nafasi yake ilikuwa wazi.

"Mzee, nimeweka jina lako," Kagendo alisema. "Soma hii. Jumanne utanieleza kazi yenyewe kwa Kiingereza, kwa maneno yako. Halafu utapakia trela moja nikiangalia. Usipokuja, nampa mwingine."

Zamu ya asubuhi inaisha saa tisa. Saa tisa na nusu basi la shule linamshusha Zoé. Zéphyrin alienda kwenye gari lake akitembea kama kijana.

Jumapili, baada ya ibada, ujana ulikuwa umekwisha. Zéphyrin alikaa mezani na daftari lake la tangu kambi ya wakimbizi. Kushoto, neno moja la Kiingereza. Kulia, neno moja la Kiswahili. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, naye hakuacha.

Lakini kwenye ile karatasi kulikuwa na neno *charge*, mara tano. Katika daftari aliwahi kuandika "kutia umeme kwenye simu". Akafuta. Akaandika "bei". Akafuta. Akaandika "kushtakiwa". Akafuta tena, mpaka kalamu ikatoboa ukurasa.

"Hodi! Hiyo sombe inanukia mpaka kwenye ngazi!"

Alikuwa Avelina, jirani yao Mrundi. Alitunza wazee katika nyumba ya wazee. Jumamosi alifundisha Kiingereza parokiani kwake.

"Karibu, dada Avelina. Umetukuta vitani."

"Mnapigana na nani?"

"Na Kiingereza. Neno moja, sura tano! Wakubwa wamelipanga hivyo ili sisi tusipande."

Zoé alisema kitu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Sema Kiswahili, mgeni asikie," baba alimkemea.

"Papa, dada Avelina anasikia Kiingereza. Wewe ndiye usiyesikia."

Avelina alicheka mpaka akashika ukuta. Zéphyrin hakucheka. Alikunja ile karatasi.

"Kesho nairudisha. Siendi kuaibika mbele ya Kagendo."

Zoé akageuka. Akatazama friji.

Avelina alivuta kiti. "Baba Zoé, kule Uvira ulifanya kazi gani?"

"Bandarini. Nilipakia maboti na malori."

"Watu walikuitaje?"

"Shajeri. 'Shajeri, njoo! Shajeri, beba!' Jina langu nusu ya watu hawakulijua."

"Shajeri ni Kifaransa. Liandike kama Wafaransa wanavyoandika."

Zéphyrin aliandika polepole: *chargeur*. Avelina akakunjua ile karatasi, akaiweka kando ya daftari. Akaweka kidole juu ya neno *charge*.

Zéphyrin aliangalia huku, akaangalia kule. Herufi sita za mwanzo hazikuachana hata kidogo.

"Mungu wangu! Hili neno limebeba magunia na mimi!"

"Ndiyo. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa," Avelina alisema. "Asili yake ni mbali zaidi, kwenye neno la Warumi la zamani, lenye maana ya gari la kukokotwa. Kupakia gari hilo, ndiyo mama wa maana hizi zote. Sasa usiulize neno hili ni nini. Soma sentensi nzima, kisha uliza: nani amepakiwa nini?"

"Simu?"

"Imepakiwa umeme."

"Mteja dukani?"

"Amepakiwa bei."

Zéphyrin alipiga meza. "Na mtu aliyekamatwa na polisi amepakiwa kosa!"

"Na mimi usiku nikisimamia wazee thelathini?" Avelina aliuliza.

"Umepakiwa wazee. Pole sana, dada."

Zoé alikuwa amesimama, macho yanang'aa. "Na fahali wa rodeo, ile michezo ya kupanda fahali kule Fort Worth? Akimkimbilia mtu na pembe zake, wanasema hilo hilo."

"Huyo fahali amekwenda mbali na nyumbani," Avelina alisema. "Njia yake siijui vizuri. Nitatafuta kwenye kamusi kubwa ya maktaba. Haielezi maana tu, inaeleza na neno limetoka wapi."

"Mwalimu hajui!" Zéphyrin alisema, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mwalimu anajua pa kutafuta. Soma karatasi yako."

Alisoma. Betri za foklifti za kuinulia mizigo zipakiwe umeme zamu inapoisha. Mteja asipakiwe bei ya boksi lililovunjika. Mkuu amepakiwa watu wanane na usalama wao. Sombe ilipoa, hakuna aliyejali. Kisha Zéphyrin alifungua ukurasa mpya. Akaandika neno moja juu, na chini yake sentensi tano nzima.

Jumanne alisimama mbele ya Kagendo. Kiingereza chake kilichechemea, lakini kilifika. Alieleza betri. Alieleza wateja. Alieleza watu wanane.

Kisha akapakia trela. Vizito chini, vyepesi juu. Uzito sawa kulia na kushoto. Katikati ya kazi alisimama, akashusha maboksi manne yaliyokaa vibaya, akayapanga upya. Hakuna aliyemwambia.

Kagendo alikunja mikono. "Swali la mwisho, mzee. Trela ikifika maboksi yamepondeka, ni makosa ya nani?"

Zéphyrin alifungua mdomo. Kwa miaka mingi jibu lilikaa tayari kwenye ulimi: wakubwa. Akaangalia trela. Akaangalia mikono yake.

"Yangu," alisema. "Mzigo huo nimepakiwa mimi."

Kagendo alimpa mkono. "Jumatatu uanze asubuhi."

Parfait, rafiki yake wa zamu, alipiga kelele kutoka mlangoni: "Jamani, tumepata mkubwa mpya wa kulaumu!"

"Laumu ukiwa unabeba!" Zéphyrin alimjibu, na ghala zima likacheka.

Jumatatu hiyo, Zoé aliposhuka kwenye basi la shule, baba yake alikuwa amesimama pale barabarani. Zoé alimkimbilia kwa nguvu zote, begi likiruka mgongoni.

"Polepole, fahali!" baba alisema, akamdaka.

Nyumbani, maji ya ugali yalikuwa yameanza kuchemka. Kwenye friji kulikuwa na karatasi, mwandiko wa Zoé wa asubuhi: *Papa, you are in charge of dinner.*

Zéphyrin aliisoma yote, neno kwa neno, bila daftari.

"Haya, Papa," Zoé alisema. "Nani amepakiwa nini?"

"Mimi nimepakiwa chakula cha jioni." Alichukua mwiko. "Na wewe umepakiwa sahani. Weka mbili."

Zoé aliweka sahani mbili mezani. Kisha akaenda kuzima televisheni.