Daktari Aliyelala Kwenye Chaja

Kila asubuhi mzee Bulugu alikamua ng'ombe wake, akajaza kikombe, akanywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele. Ndivyo walivyokunywa kwao Shinyanga, na ndivyo alivyokunywa hapa Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, alikohamia. Kisha alifuta povu kwenye masharubu, akaenda kumwona daktari wake.

Daktari huyo alikuwa simu. Usiku alilala kwenye chaja ya sola, na watu wa nyumba walikatazwa kumsumbua.

Mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakivuka mpaka kila siku. Mzee Bulugu naye alikuwa na taabu yake. Homa ilimjia jioni, ikamlowesha jasho, ikaondoka. Akidhani amepona, inarudi. Mgongo na magoti vilimuuma hata akashindwa kwenda malishoni.

Aliiandikia simu dalili zake, ikasema malaria. Akanunua dawa dukani, akameza. Baadaye ikasema taifodi. Akanunua, akameza. Safari ya tatu ikasema kansa ya mifupa. Hapo mzee aliita familia, akaanza kugawa ng'ombe.

Binti yake Limi alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni.

"Baba, twende zahanati ya kituo cha wakimbizi. Wanatibu hata wanakijiji."

"Mimi ni mkimbizi? Nikapange foleni huko, na daktari ninaye?"

"Huyo daktari hajawahi kukugusa hata paji la uso."

"Unabishana na ugonjwa wangu?"

"Nabishana na simu, baba."

"Limi, nyamaza," alisema mama yake, Rozina.

Limi akanyamaza. Waliomfahamu waliogopa zaidi akinyamaza.

Kesho yake alimpigia baba yake magoti. "Baba, naomba simu. Kuna mgonjwa nataka kumwulizia."

Mzee alifurahi. Limi akaandika huku akisema kwa sauti ya huzuni: "Anaamka saa tisa usiku akipiga kelele. Uso mwekundu. Nyama imelegea shingoni. Ana hasira, anapiga wenzake. Mdomoni hana jino hata moja."

Kisha akasoma majibu. "Huenda ni tezi la shingo. Huenda ni shinikizo la damu. Huenda ni maradhi ya akili."

Mzee Bulugu alivua kofia. "Maskini! Ana familia?"

"Kubwa, baba. Ana wake kumi na wawili."

"Loo! Ni nani huyo?"

Limi akanyoosha kidole uani. "Yule pale, anaparua samadi."

Alikuwa jogoo wao.

Rozina alicheka mpaka akakaa chini. Mzee aliinua fimbo, lakini mgongo ukambana. Fimbo ikaanguka. Akajishika ukutani, akihema. Hapo hakuna aliyecheka tena.

"Simu inasoma unachoiandikia tu," alisema Limi. "Jogoo haikumwona, na wewe haikuoni. Mimi ng'ombe wako sipokei, hata mmoja. Namtaka baba yangu."

Mzee aliiacha fimbo palepale chini. "Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "niletee viatu."

Alipanga foleni zahanati, amenuna kama anayepelekwa mahakamani. Daktari Eufrazia alimpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nina kansa ya mifupa."

"Nani amekupima?"

Mzee akakohoa.

Daktari alimpima joto, akambonyeza mgongo na magoti. Kisha akauliza, "Unafuga?"

"Mimi Msukuma, mama! Unaulizaje?"

"Kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni?"

Mzee akashtuka. "Wawili. Nani kakwambia?"

"Nani aliwahudumia?"

"Mimi, kwa mikono hii."

"Ulivaa glavu?"

"Ng'ombe wangu mwenyewe, nimvalie glavu?"

"Na maziwa mnachemsha?"

"Maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa."

"Na wewe umekuja hapa kama nani?"

Limi akauma mdomo asicheke.

Walimpima damu. Haikuwa kansa. Ilikuwa bruselosisi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. "Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi," alieleza daktari, "au kwa kushika kondo la nyuma na ndama aliyetupwa bila kujikinga."

"Mbona simu haikuniambia?"

"Uliiambia habari za ng'ombe?"

"Hapana. Sikujua zinahusu."

"Ndiyo maana mgonjwa anahitaji mtu wa kumwuliza na kumpima. Soma kwenye simu ukipenda, mzee, lakini usimeze dawa kwa amri yake. Hizi ninazokupa utazimeza zaidi ya mwezi. Homa ikiisha, usiache. Mkeo na binti yako nao wapimwe. Na umwite afisa mifugo akague zizi."

Mzee alimeza dawa zote, akinung'unika kila siku. Rozina alichemsha maziwa yote, naye hakuomba ruhusa. Homa ikaisha. Mgongo ukanyooka. Mzee akarudi malishoni.

Siku ya mnada, wafugaji wenzake walimzunguka.

"Bulugu! Tunasikia siku hizi kwako maziwa yanapikwa kama uji!"

"Yanapikwa," alijibu, kifua mbele. "Anayetaka kunicheka asimame wima kwanza, bila kuegemea fimbo."

Wakacheka kwa nguvu. Mmoja tu hakucheka. Alisogea akiwa amejishika kiuno, akamwinamia mzee sikioni.

"Hiyo zahanati," alinong'ona, "wanafungua saa ngapi?"