Simbi za Kutupa

Kila alasiri, Umulisa alipotoka shuleni, alivua sare, akala chakula alichoachiwa mezani, kisha akakaa kibarazani kuchambua simbi. Kwao kulikuwa Biryogo, katika kata ya Nyamirambo jijini Kigali, mahali ambapo vyerehani huanza kulia hata kabla majogoo hayajanyamaza. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa fundi wa kushona. Alishona kanzu na magauni kama mafundi wengine wa mtaa, lakini kilichomletea sifa ni mikanda ya wachezaji ngoma. Alichukua kitambaa kizito, akakishonea simbi mstari kwa mstari, na msichana aliyejifunga mkanda ule alipotikisa kiuno, simbi ziliitika zenyewe.

Simbi hizo zilitoka mbali. Mjomba Shafiq, kaka yake Bi Mwajuma, alikuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Kigali. Ilikuwa mwaka 1992. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo mizigo mingi ilipita Rusumo, mpakani na Tanzania, na Mjomba Shafiq hakukosa safari. Kila alipokuja alileta gunia la simbi alizonunua kwa akina mama wa kijiji kimoja cha pwani.

Kazi ya Umulisa ilikuwa kuzichambua. Zile kubwa, zenye mgongo wa manjano unaong'aa, alizitia katika kikapu cha mama. Zile ndogo, za kijivu, zenye madoadoa au vinundu, alizitia katika debe.

"Ukimaliza, debe uliweke vizuri stoo," mama alimwambia kila mara. "Hakuna kitu kisicho na kazi yake."

Umulisa aliitikia, lakini moyoni hakukubali. Aliziita simbi za kutupa, na kila Mjomba alipoondoka alimwambia safari ijayo alete za manjano tu. Stoo ilikuwa nyembamba, imejaa magunia na mabaki ya vitambaa, na kupata nafasi ya debe kulitaka jasho. Siku moja alipoona uvivu, alizigawa. Rafiki yake Kaliza alipata konzi moja, akatengeneza mkufu. Mama Spéciose, aliyeuza maharagwe kule bondeni Kimisagara, alipata za kutia ndani ya kopo ili mtoto wake mchanga apate kayamba. Nyingi zaidi walizichukua wazee waliocheza igisoro, yaani bao la Kinyarwanda, mbele ya kinyozi. Walizitumia badala ya mbegu katika vishimo vya ubao wao.

Watu walifurahi. Wakaanza kumwita Mama Simbi. Umulisa naye alipenda jina hilo, akawa anagawa kila debe lilipojaa.

"Zile ndogo umeziweka?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Ziko stoo, nyuma ya magunia."

Uongo ule ulimtoka kirahisi, na kwa kuwa hakuna aliyekwenda kutazama nyuma ya magunia, ulikaa salama miezi mingi.

Siku moja alikuja mteja kutoka Kimihurura. Jina lake Bi Vestine, kiongozi wa kikundi cha wasichana wacheza ngoma. Alitaka mikanda mipya kwa ajili ya harusi ya Jumamosi iliyofuata.

"Wasichana wangu wamefanya mazoezi tangu mvua zianze," alisema. "Hii ndiyo mara yao ya kwanza kualikwa kwenye harusi kubwa. Tafadhali, Mwajuma, usiniangushe."

"Ondoa shaka, dada. Kaka yangu yuko njiani na gunia jipya."

Mjomba Shafiq alifika Jumatatu, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye kope. Alishusha nazi, mabeseni ya plastiki na kitambaa cha mapazia. Umulisa alizunguka lori mara mbili akitafuta gunia.

"Asalaam aleikum, Mjomba. Simbi ziko wapi?"

"Waleikum salaam, mpwa wangu. Safari hii hakuna simbi."

Bi Mwajuma alitoka ndani, sindano bado iko mdomoni. Aliitoa taratibu. "Hakuna? Shafiq, unanitania?"

"Sikutanii. Akina mama wa kile kijiji wamefunga mwamba wao. Hakuna kuokota simbi mpaka konokono waongezeke tena."

"Konokono gani?" Umulisa aliuliza.

Mjomba alicheka. "Ulidhani simbi huota mtini? Simbi ni nyumba ya konokono wa baharini. Mwenyewe yumo ndani, ana uhai wake, na jike hulalia mayai kama kuku. Sasa sikiliza. Sisi wanunuzi tulikuwa tunasema, 'Tunataka kubwa tu, za manjano tu.' Basi akina mama wakaokota kubwa za manjano, mwaka baada ya mwaka. Waliobaki mwambani wakawa wachache, tena wanafanana, kwa sababu ni uzao wa wazazi walewale wachache. Halafu kukaja msimu wa joto kali. Maji yakipwa mchana, jua linachoma mwamba kama kikaango. Wale waliofanana wakafa karibu wote. Lakini upande wa pili wa kijiji, ambako watu hawaokoti, kulikuwa na wa kila aina. Huko wengine walikufa, wengine wakastahimili. Mtaalamu wa bahari alifika, akawaeleza kwamba tofauti zile ziko katika urithi wao, ndani ya mwili. Ndiyo akiba yao siku ya shida."

Umulisa aliitikia kwa kichwa, lakini hakuelewa vizuri. Simbi ni simbi, alifikiri. Tofauti ya rangi inaokoaje uhai?

Bi Mwajuma alikuwa akiwaza mambo mengine. Uso wake ulikunjuka ghafla. "Si neno! Tunazo zile ndogo, madebe na madebe. Tutazipanga kwa ustadi, zitapendeza. Umulisa, nenda stoo ukazilete."

Umulisa aliingia stoo, akasimama gizani kati ya magunia. Kaliza, aliyekuwa amekuja kusalimia, alimfuata.

"Utasema nini?" Kaliza alinong'ona huku akifunika mkufu wake kwa kiganja.

"Sijui."

"Sema panya wamezila."

"Panya wanakula simbi?"

"Basi sema wamezibeba."

Umulisa alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Aliwaza wasichana wa Bi Vestine wakicheza bila mikanda mbele ya wageni wote. Akamwaza mama, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuvunja ahadi ya mteja. Akatoka nje, mikono mitupu.

"Mama, hazipo. Nilizigawa. Nilikudanganya."

Mjomba Shafiq alianza kukagua gurudumu la lori ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Ulizigawa kwa nani?" mama aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo Umulisa aliiogopa kuliko makelele.

"Kwa watu wengi. Kwa Kaliza, kwa Mama Spéciose, kwa wazee wa igisoro..."

"Ulizigawa kwa miguu yako. Kwa miguu hiyohiyo utazikusanya. Na usimnyang'anye mtu. Kilichotolewa kimetolewa. Utaomba, utaeleza ukweli, na atakayekataa utamshukuru vilevile."

Kaliza alikuwa wa kwanza. Alivua mkufu wake, akautia katika debe. Halafu akashika upande mmoja wa mpini, Umulisa akashika mwingine, wakateremka kuelekea Kimisagara.

Mama Spéciose alikuwa ameketi nyuma ya ungo mkubwa wa maharagwe, mtoto mgongoni. Alisikiliza kisa chote, akafunua kopo la mtoto, akamimina simbi. Mtoto akapiga yowe.

"Usijali, nitampa kokoto," alisema Mama Spéciose. "Lakini na mimi nisaidieni. Haya maharagwe yana mawe. Yatoeni."

Wasichana wakaanza kazi. Mikono ya Umulisa ilikuwa imezoea kuchambua. Bila kufikiri, akaanza kutenga mekundu huku, meupe kule, meusi kando.

"Weh! Nani amekuambia uyatenganishe?" Mama Spéciose aliuliza. "Iko mbegu hiyo! Rudisha, changanya."

"Kwa nini? Hivi yanapendeza zaidi."

"Kupendeza kwa macho ni kitu kingine, na shamba ni kitu kingine. Sikia, mwanangu. Mvua ikizidi, haya mekundu yanaoza, haya meusi yanasimama. Jua likizidi, meusi yanachoka, haya ya madoa yanazaa. Ukipanda rangi moja, ugonjwa mmoja unamaliza shamba lote. Mama yangu alipanda mchanganyiko, na bibi yangu pia. Ndiyo maana tunakula kila mwaka, mwaka mzuri na mwaka mbaya."

Umulisa aliacha mikono yake hewani. Alitazama ungo, halafu akatazama debe la simbi: za kijivu, za madoa, ndogo, zenye vinundu.

"Kaliza!" alisema. "Ni kama wale konokono! Mjomba alisema waliofanana walikufa wote. Na mimi ndiye niliyekuwa namwambia kila safari alete za manjano tu!"

"Konokono gani tena?" aliuliza Mama Spéciose. Walipomweleza, alicheka hadi mtoto akanyamaza kumtazama. "Kumbe bahari nayo iko na mkulima wake! Chukueni haya maharagwe kidogo. Wazee wale hawatatoa simbi bila kupata kitu cha kuchezea."

Alikuwa amesema kweli. Mbele ya kinyozi, Mzee Évode alikuwa katikati ya mchezo, kofia imemwelemea sikio moja.

"Mzee, naomba zile simbi nilizowapa," Umulisa alianza. "Nilikosea. Hazikuwa zangu, zilikuwa za mama."

"Sasa hivi? Mtoto, mimi niko nashinda! Unakuja kuchukua askari wangu vitani?"

"Mpe mtoto, Évode, mpe upesi!" alisema Mzee Gratien, mpinzani wake, ambaye alikuwa amebakiwa na simbi za kuhurumiwa.

"Acha nimalize kwanza."

Wasichana wakakaa chini wakasubiri. Mzee Gratien alijikuna kidevu kabla ya kila hatua, akapiga chafya, akaomba maji, akauliza habari za bei ya sukari. Watu waliokusanyika walicheka. Mwishowe Mzee Évode alisafisha ubao wote, akainua mikono juu kama askofu, kisha akazimimina simbi katika debe kwa furaha ya ushindi. Katika vishimo wakaweka maharagwe.

Si wote waliokubali. Kinyozi alikataa kabisa, akasema zake zimeshagandishwa ukutani kwa simenti kuzunguka kioo. Umulisa alimshukuru kama alivyoagizwa. Kwa muda wa siku mbili, baada ya masomo, yeye na Kaliza walipanda na kushuka vichochoro vya Nyamirambo na Kimisagara, wakagonga malango, wakaeleza jambo lilelile. Mara ya kwanza aliyasema maneno hayo akitazama chini. Baadaye aliyasema akimtazama mtu usoni.

Jumatano jioni debe lilijaa. Bi Mwajuma alizimwaga simbi juu ya mkeka, akazitandaza. Halafu akavuta miwani yake.

"Kata uzi," alimwambia Umulisa. "Leo utashona, si kuchambua."

Walishona wote. Mama alipanga, Umulisa na Kaliza walipitisha sindano, na Mjomba Shafiq, ambaye vidole vyake vilizoea usukani, alijidunga mara nyingi kiasi kwamba walimpa kazi ya kupika chai. Za kijivu ziliingia mstari wa juu, za madoa katikati, ndogondogo zikafuata ukingo kama mawimbi. Hakuna mkanda uliofanana na mwingine.

Bi Vestine alipokuja kuchukua kazi yake Ijumaa, aligeuza mkanda mmoja baada ya mwingine. Umulisa akaanza kutafuna ukucha.

"Mwajuma," alisema hatimaye, "sasa kila msichana wangu atajua mkanda upi ni wake. Mikanda ya zamani iligombaniwa kila siku!"

Siku ya harusi, Umulisa na Kaliza walipewa nafasi ya kusimama karibu na wapiga ngoma. Wasichana waliingia wakitembea taratibu, mikono imetanda kama pembe za ng'ombe. Ngoma ikapamba moto, viuno vikatikisika, na simbi zikaitika. Ndogo zililia kwa sauti nyembamba, zenye vinundu zikajibu kwa sauti nzito. Wageni walisimama kupiga makofi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alitupa kofia yake juu, nayo ikanasa kwenye hema.

Usiku ulipokaribia, walirudi nyumbani kwa lori la Mjomba Shafiq. Umulisa alikaa katikati, mama upande mmoja.

"Mjomba," alisema, "ukifika kule kijijini, waambie akina mama kwamba hatutaki tena za manjano peke yake."

"Nitawaambia. Na tutangoja mpaka wafungue mwamba wao. Baada ya hapo tutanunua zile tu zilizotupwa ufukweni na mawimbi, ambazo mwenyewe ameshakufa. Za kila rangi."

"Tutangoja," aliitikia Bi Mwajuma. "Kitenge kipo, kanzu zipo, hatutalala njaa." Kisha akamshika bintiye bega. "Umulisa, mwanangu, wiki hii umejifunza mawili. La kwanza, uongo hukaa kimya kwa muda, lakini siku ya haja ndipo unapodai haki yake. Ulipousema ukweli, watu walikufungulia malango. La pili, usikidharau kiumbe kwa kuwa hakifanani na wenzake. Mungu hakuumba tofauti kwa bahati mbaya. Anayechagua wanaofanana tu na kuwaacha wengine wapotee, iwe shambani au baharini, anajimalizia akiba ya kesho."

"Ndiyo, Mama," alisema Umulisa.

Na Jumatatu, alasiri, kabla hajaulizwa na mtu, aliingia stoo, akatoa magunia yote nje, akafagia sakafu hadi pembeni, akatengeneza nafasi kubwa ya kutosha madebe yote ya mama yake.