Poda Isiyoshika

"Nipe shati langu, dada."

"Sikupi."

"Basi nitakwenda kifua wazi, watazamaji wajionee wenyewe."

"Nenda hata na taulo. Lakini kwenye kiti kile leo hukai."

Ulikuwa mchana wa kawaida kabisa. Jua liliingia jikoni, pasi ilikuwa bado ya moto juu ya meza, na redio ya jirani iliimba nyuma ya ukuta. Dada mtu alikuwa amelikumbatia shati jeupe kama mtu anayeogopa kunyang'anywa mtoto. Mdogo mtu alisimama mbele yake na fulana tu, mkono ameunyoosha. Mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa kwenye kigoda akimenya viazi na kuwatazama wote wawili kama anayetazama mpira.

"Mkimaliza kuuana mniambie," akasema, "nijue napika vya watu wangapi."

Hakuna aliyecheka.

Mdogo mtu alikuwa ametangaza mabasi kwenye kipaza sauti cha stendi kwa miaka minane. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, mpaka watu walisema abiria wanachelewa basi kwa kumsikiliza. Kisha stendi ikaleta mashine inayotangaza yenyewe, naye akaambiwa ahsante. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kulala chali na kuhesabu mbao za dari. Ndipo kituo cha televisheni alikofanya kazi dada yake kama mpambaji wa nyuso kilipoanza kutafuta mtangazaji mpya wa "Kabla Hujalala", kipindi chao cha mazungumzo cha usiku. Walijaribiwa watu mia tatu, wakabaki watatu. Kila mmoja angeendesha kipindi usiku mmoja, moja kwa moja hewani, kisha achaguliwe mmoja kwa kura. Wawili walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kiti. Wa tatu alikuwa yeye.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyelipeleka jina langu," alisema. "Leo umeona nakaribia kung'aa ndiyo wivu umekushika?"

"Wivu? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukanipinda uti, nikuonee wivu?"

"Basi sababu ni nini?"

Dada mtu akaketi. Sababu alikuwa nayo kifuani miezi miwili, imemkwama kama mwiba wa samaki. Hakuwa amemwambia mtu.

"Mzee Kinanda," akasema kwa sauti ya chini. "Siku aliyokufa."

Kila mtu alimjua Mzee Kinanda. Ndiye aliyeendesha kipindi kile kwa miaka ishirini na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake. Kila mtu alijua pia kwamba alifia kwenye kiti chake, mwisho wa kipindi, akiwa amekwisha kuwatakia watazamaji usiku mwema. Daktari aliyekuja aliandika kwamba alikufa saa nne na nusu. Lakini kipindi kilikwisha saa tano kamili. Wakubwa wa kituo walisema daktari amekosea saa, yakaisha hivyo.

"Daktari hakukosea," dada mtu alisema. "Mapumziko ya tatu niliingia kumpaka poda, kama kawaida. Poda haikushika. Ngozi ya mtu aliye hai ina jasho, ina mafuta, poda inakaa. Yake iliteleza ikaanguka, kama unga kwenye sahani. Nikamgusa shavu. Lilikuwa baridi, mdogo wangu. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yamekauka."

"Ukafanya nini?"

Katika studio ile mpambaji ndiye wa mwisho kumgusa mtangazaji. Akimaliza husema "Tayari", kwa sauti ya kusikika, na bila neno hilo msimamizi hahesabu wala kamera haziwashwi. Ndiyo desturi yao tangu studio ilipofunguliwa.

"Nilisema tayari," akanong'ona. "Mdomo ulikuwa umezoea. Nilisema kabla akili haijafika. Msimamizi akahesabu, taa zikawaka, na maiti akageuka kwa mgeni wake akacheka. Akaongea dakika kumi na saba."

Kisu cha viazi kikasimama.

Mdogo mtu akajilazimisha kutabasamu. "Kumbe dada yangu ni muosha maiti na hakutuambia."

"Cheka tu. Nilipopeleka jina lako nilidhani yamezikwa naye. Mchekeshaji yuko wapi? Alikaa usiku wa kwanza. Mkewe anasema hamtambui mtu, kutwa anamwuliza yeye: 'Karibu kitini, wewe ni nani na umetoka wapi?' Maneno ya nani hayo? Ya Mzee Kinanda! Na yule msoma habari aliyekaa usiku wa pili, yuko hospitali, kama gogo. Ila ikifika saa nne usiku mdomo wake unaanza kucheza. Anaongea saa nzima. Muuguzi ameniambia kwamba katikati ananyamaza dakika tatu tatu, kama tunavyonyamaza sisi kupisha matangazo ya biashara."

"Wanaugua, dada. Watu wanaugua."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Nisikilize na wewe." Hakuwa anacheka tena. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono pamoja na shati lenyewe. "Mwezi ujao nitakuwa baba. Kila asubuhi mke wangu anatoka kwenda kazini na tumbo lile, mimi nabaki nalinda godoro. Niache nikakae hiyo saa moja. Ukiona jambo, wewe si utakuwepo? Nitoe. Nivute hata kwa sikio. Sitabisha."

Dada mtu alimtazama wifi yake, akitafuta msaada. Wifi yake alikuwa ameinamisha kichwa juu ya viazi.

Akampa shati.

*

Studio ilikuwa baridi kuliko kawaida. Fundi wa taa alilalamika, akapanda ngazi kurekebisha mashine ya hewa, akashuka akisema imezimwa tangu asubuhi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Mdogo mtu alizungumza na mwanamke aliyefuga nyuki kwenye paa la nyumba, na watu wa kamera walicheka mpaka picha ikatikisika. Dada mtu alisimama gizani nyuma ya kamera ya pili, sponji mkononi, akaanza kuona haya kwa woga wake.

Mapumziko ya kwanza alimpaka poda. Ikashika.

"Unaona?" mdogo mtu akamkonyeza. "Niko hai."

Mapumziko ya pili poda ilishika, lakini alikuwa hakonyezi tena. Alimvuta dada yake karibu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Dada, nani yuko chumba cha kuongozea?"

"Mwongozaji na wasaidizi wake. Kwa nini?"

Akagusa kidude cha sikioni, kile ambacho mwongozaji hukitumia kumnong'oneza mtangazaji.

"Kuna mtu mwingine humu. Ananipa maswali. Nikichelewa kuyasema, yanatoka yenyewe."

"Inuka twende."

"Sehemu mbili tu zimebaki."

"Uliniahidi!"

"Dada," akasema, na machozi yakamlengalenga, "watu hawajawahi kunipigia makofi maishani mwangu."

Na dada mtu alipokuwa bado anambembeleza ainuke, msimamizi akamtazama akisubiri. Wote walikuwa wakisubiri. Poda imeshika, alijiambia. Imeshika. Akasema neno lile, akatoka kwenye mwanga.

Dakika kumi na mbili zilizofuata hakupepesa macho. Mdogo wake alikuwa hodari. Alikuwa hodari mno. Alikunja mguu kama Mzee Kinanda. Alikohoa kidogo kabla ya kuuliza, kama Mzee Kinanda. Mama wa nyuki alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameegemea nyuma kabisa, amekumbatia mkoba wake.

Mapumziko ya tatu.

Alikwenda mbio. Akabandika sponji kwenye paji la uso wa mdogo wake.

Poda ikaanguka.

Akapaka tena. Ikateleza juu ya pua, juu ya midomo, ikatua kwenye shati jeupe. Akamshika shavu.

Baridi.

Macho yalikuwa wazi. Yalimtazama bila kumwona. Mdomo ukafunguka kidogo, sauti ikatoka, nzito na tamu, lakini haikuwa ya mtangaza mabasi.

"Sema, binti."

"Sisemi."

"Umekwisha kunisemea mara nyingi. Sema."

"Sekunde thelathini!" msimamizi akapaza sauti. "Mpambaji, vipi?"

Alikichomoa kidude sikioni. Kilikuwa kikavu, hakina hata tone la jasho, na bado kilikuwa kinanong'ona. Akakitupa. Akamshika mdogo wake kwapani na kumvuta. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa maji. Kiti kikalia.

"Wewe! Umerukwa na akili? Sekunde kumi na tano!"

Hakuna aliyemkaribia. Hilo hakulielewa hata baadaye, kila alipolikumbuka. Walisimama tu, kila mtu mahali pake, wakikitazama kiti. Akamburuta juu ya nyaya, akapita pazia jeusi, akasukuma mlango wa nyuma kwa mgongo.

Mlango ulipokuwa unajifunga, akasikia kutoka ndani sauti ya mwanamke, tulivu, yenye mazoea.

"Tayari."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

*

Hakusimama mpaka getini. Mlinzi alikuwa kibandani mwake akitazama televisheni ndogo. Dada mtu hakutaka kuangalia. Aliangalia.

Kwenye kioo mdogo wake alikuwa amekaa kitini, mguu juu ya mguu, akicheka. Shati lilikuwa jeupe, halina hata chembe ya poda.

Na mdogo wake alikuwa hapa, begani kwake, akipumua kwa shida.

Mlinzi aligeuka, akamwona aliyeegemea bega, akaitazama tena televisheni. Alifunga dirisha la kibanda na kuzima taa.

Teksi iliyosimama mwishowe, baada ya karibu nusu saa barabarani, ilikuwa ya mzee mmoja asiyependa maneno. Kwenye kiti cha nyuma dada mtu alimsugua mdogo wake mikono, akampulizia pumzi kwenye vidole, akamwita kwa majina yote ya utotoni. Kidogo kidogo joto likarudi. Walipopita mzunguko wa tatu wa barabara alitetemeka mwili mzima, akaanza kulia kama mtoto.

"Dada. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa nakuona lakini sikuwa ndani."

"Kwisha. Imekwisha, baba, tunakwenda nyumbani."

Alichukua sponji iliyobaki kwenye aproni, akampaka kwenye paji la uso. Poda ikashika, ikalowa jasho. Aliibusu ile poda. Alicheka na kulia kwa pamoja mpaka dereva akamtazama kwenye kioo.

Simu ikaita. Alikuwa mwongozaji, na nyuma yake kulikuwa na vigelegele.

"Umekimbilia wapi, bibie? Umekosa uhondo! Mdogo wako amechaguliwa. Hatuhesabu hata kura, mkurugenzi amesema ndiye huyo. Miaka ishirini na miwili mingine!"

"Nani amechaguliwa?"

"Mdogo wako, una wengine? Tumempa mkono sasa hivi. Hakutaka hata soda. Amesema mkewe yuko peke yake na hali yake ile, anataka kumwahi. Gari la ofisi limeshaondoka naye."

Simu ilimtoka mkononi, ikaanguka chini ya kiti.

"Dereva, kimbiza," akasema. "Kimbiza, nakuomba, kimbiza!"

Akaiokota simu, akampigia wifi yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na hakuna aliyesema hodi wala haloo. Alisikia tu sauti ya maji yakimiminwa kwenye glasi. Kisha ikakatwa.

Mdogo mtu alikuwa amemshika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia kwenye nyama. Midomo yake ilikuwa inasema jina la mkewe, bila sauti.

Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, milango imefungwa. Dereva wake alikaa nyuma ya usukani, ametazama mbele tu. Dada mtu alimgongea kioo. Hakugeuka.

Walipanda ngazi mbio, wameshikana mikono kama walipokuwa wadogo. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka, mwanga ukitoka chini ya mlango. Nje, juu ya zulia dogo la kufutia miguu, kulikuwa na viatu vya kiume vyeusi vimepangwa vizuri. Kamba ya kushoto ilikuwa imekatika na kufungwa fundo.

Dada mtu akainama akavitazama, kisha akatazama miguu ya mdogo wake. Viatu vyeusi. Kamba ya kushoto, fundo.

Akavigeuza vile vya zuliani. Soli zake zilikuwa safi. Hazikuwa zimewahi kukanyaga mahali popote.

"Mke wangu!" mdogo mtu akapiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Mke wangu, ni mimi! Fungua utoke nje! Toka sasa hivi!"

Zikasikika hatua nzito za mjamzito, zikija polepole. Mnyororo ukalia, mlango ukafunguka kiasi cha vidole vitatu. Wifi yake alikuwa amejifunga kanga, uso wake umechangamka, kama mtu aliyetoka kupokea habari njema. Macho yake yakamfikia aliyesimama kando ya dada mtu. Uchangamfu ukamtoka. Akashika tumbo, akanong'ona:

"Wifi, huyo uliyekuja naye ni nani? Maana mume wangu ameshaingia, na ameniambia usiku huu nisimfungulie mtu yeyote anayefanana naye."