Walilifuta Jina la Baba Kwenye Wasifu wa Bibi

Jeneza la bibi lilikuwa bado juu ya meza pale nilipogundua kwamba baba yangu amefutwa!

Ndiyo, amefutwa. Usiruke mstari, nitakueleza yote.

Ilikuwa Nyarero, Tarime, mwaka 2014, kipindi cha rashi. Ukisikia rashi ujue dhahabu imeonekana mahali, na watu wamemiminika na sururu, karai na tamaa. Mwamba ulikuwa umepita katikati ya shamba letu. Maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yalikuwa yameshafika nyuma ya zizi la bibi.

Baba mkubwa Nyamhanga akashika kipaza sauti. Akafungua karatasi, akaanza kusoma wasifu wa marehemu.

"Bibi yetu Mokami hakujaliwa kupata mtoto. Ameacha mtoto mmoja wa mke mwenzake, ambaye ni mimi ninayesoma mbele yenu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa..."

Nikasubiri aendelee.

Akakunja karatasi!

Baba yangu, Ryoba, aliyelelewa na huyo bibi mpaka akaota ndevu, aliyezikwa mwaka mmoja tu kabla, hatua ishirini kutoka pale jeneza lilipokaa... hakutajwa. Wala mama yangu. Wala mimi.

Mama yangu, Elieth, alinishika mkono. Kucha zake ziliniingia.

"Ghati, nyamaza. Tuzike kwanza."

Tukazika.

Udongo haujakauka nikamfuata.

"Shikamoo baba mkubwa. Jina la baba limesahaulika kwenye wasifu."

"Halikusahaulika."

"Kumbe?"

"Baba yako hakuwa wa mji huu. Jumamosi tunakaa kikao cha ukoo. Wewe na mama yako mtafute pa kwenda."

"Na kaburi la baba?"

Akamtazama Jackson, mwenye duara, aliyekuwa amesimama pembeni na viatu vya tope msibani.

"Jackson anapita pale," akasema. "Kaburi la mgeni linahamishika."

Ndugu zangu... mgeni!

Sasa nikueleze kitu ili tuende pamoja. Bibi Mokami kweli hakuzaa. Lakini kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa mwanamke mwenzake. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto watakaozaliwa na yule aliyeolewa ni wa nyumba ya yule aliyeoa, ni wa ukoo kabisa, na wala hakuna anayeuliza mbegu ilitoka wapi. Kinachoulizwa ni ng'ombe tu.

Bibi Mokami alimuoa Wegesa. Wegesa akamzaa baba. Baba alipokuwa na miaka mitatu, Wegesa alikwenda Kisaka, Serengeti, kumuuguza mama yake, na hakurudi tena.

Hapo ndipo baba mkubwa aliposimamia.

"Wegesa alitoroka," alisema. "Ng'ombe wakadaiwa, wakarudi. Ng'ombe wakirudi, ndoa hakuna. Ndoa haipo, Ryoba ni wa nani? Ni wa kwao Kisaka!"

Na mzee yeyote wa Tarime atakwambia, kama ng'ombe walirudi kweli... ana haki.

Jioni ile mama alinisukumia sanduku la bati la bibi.

"Wewe si una diploma ya utunzaji wa kumbukumbu? Haya. Tunza."

Nikapekua. Vitenge, kadi ya kliniki, sabuni iliyokauka. Chini kabisa nikakuta barua moja, ya mwaka 1983, kutoka Kisaka. Mwandiko wa kusimama kama askari.

"Kwa Mama Mokami. Mke wako Wegesa ametutoka siku ya Jumanne. Tumemzika kwa heshima. Wasifu wake alinisimulia mwenyewe kabla hajafa, nimeuandika katika daftari langu. Ukihitaji, lipo. Mimi Simioni, katekista."

Mke wako!

Mtu aliyetoroka na ng'ombe wakarudi, kwa nini mwaka 1983 bado anaitwa mke wako?

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo najilaumu. Mdomo wangu huu. Asubuhi baba mkubwa alipopita uani akanikejeli.

"Mwenye diploma, umeshafunga mizigo?"

"Nakwenda Kisaka!" nikamjibu. "Kuna daftari lenye wasifu wa Wegesa. Nitalisoma mbele ya wazee wote, tuone nani mgeni!"

Akaacha kucheka.

Mama akafunika mdomo wake kwa kanga, kana kwamba ndiye aliyesema.

* * *

Mzee Simioni nilimkuta anapukuchua mahindi nyumbani kwake Kisaka. Macho mazima, magoti mabovu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Ryoba. Ryoba wa Wegesa."

Gunzi likamdondoka.

"Umechelewa sana, mwanangu," akasema. "Lakini umekuja."

Alikuwa na madaftari kumi na moja kwenye gunia. Kila aliyezikwa kwa mkono wake tangu ujana, aliandika wasifu wake humo kwanza, kisha akanakili kwenye karatasi ya kusomea kaburini. Karatasi hupotea, akasema. Daftari hubaki.

Akanifungulia ukurasa.

Nikasoma. Nikarudia tena. Mstari wa tano ukanikalisha chini.

"Marehemu ameacha watoto wawili wa kiume, wote wa nyumba ya mumewe Mokami, huko Nyarero. Wa kwanza ni Nyamhanga. Wa pili ni Ryoba."

NYAMHANGA!

"Mzee... huyu Nyamhanga ni yupi?"

"Kuna wangapi katika mji wenu?"

"Mmoja. Lakini yeye ni wa mke mkubwa wa babu!"

Simioni akatikisa kichwa. "Mke mkubwa alizika kichanga wiki ileile Wegesa alipojifungua. Maziwa yamemjaa, anataka kurukwa na akili. Mokami akamchukua mtoto wa Wegesa, akampa anyonyeshe. Akanyonyesha, akapona, akashindwa kumrudisha. Wakakubaliana wale wanawake watatu wasiseme. Wegesa alinieleza akiwa kitandani."

Kwa hiyo huyu anayetaka kumfukua baba yangu... ni ndugu yake wa tumbo moja!

Mzee akanipa na barua moja ya zamani, aliyoikuta kwenye vitu vya Wegesa. Nikaikunja, nikaichomeka kifuani nisome vizuri baadaye. Nikatoa simu nipige picha ule ukurasa wa daftari.

Pikipiki ikaunguruma nje.

Jackson!

Hakubisha hodi. Akaingia, akaniona, akaliona daftari mikononi mwangu.

"Leta hilo."

"Wewe mura, kijana mzima, hii ni nyumba ya watu!" Simioni akafoka. "Salamu umeziacha wapi?"

Jackson akalivuta. Nikalivuta. Simu ikaruka ikapiga ukuta. Akanisukuma nikaangukia gunia, na nilipoinuka alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki, daftari ndani ya koti.

Vumbi tu likabaki.

Nikalia kama mtoto. Simu imepasuka, picha hakuna, daftari hakuna!

Mzee Simioni akaingia chumbani. Akatoka amevaa koti la suti na kofia.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Daftari wamelichukua," akasema. "Mimi hawajanichukua. Tafuta usafiri."

* * *

Jumamosi. Wazee wa ukoo wamekaa kwenye vigoda mbele ya nyumba ya bibi. Mzee Waitara, mkubwa wa ukoo, katikati. Nyuma yao unasikia sururu zikigonga mwamba... kwa! kwa! kwa! Karibu kuliko jana.

Nilikuwa nimeshamweleza mama yote. Alinijibu neno moja.

"Usimuumbue. Okoa kaburi la baba yako, basi."

Baba mkubwa akasimama, kifua mbele.

"Huyu binti alisema ana daftari. Haya, alilete!"

Akatabasamu. Jackson naye, pembeni, akatabasamu.

"Sina daftari," nikasema. "Nina barua."

Tabasamu likapungua.

Nikaitoa. Ilitoka kwa bibi Mokami kwenda kwa Wegesa, mwaka 1966. Bibi hakujua kuandika, aliandikiwa, akapiga dole gumba la wino chini. Nikampa kwanza mzee Waitara atazame lile dole. Lilikuwa na mstari mweupe katikati.

"Ni la Mokami," akasema mara moja. "Mundu ulimkata kwenye ulezi. Nilikuwepo. Soma."

Nikasoma.

"Wegesa mke wangu. Kaka zako wamekuja kuniuliza kama nataka ng'ombe wangu. Nimewaambia sitaki hata ndama. Muuguze mama yako, ukichoka urudi, usiporudi wewe ni mke wangu hukohuko. Mdogo anakuulizia. Mkubwa hajambo, analala nyumba ileile, hajui kitu."

Wazee wakanong'onezana Kikurya. Mzee Waitara akapiga fimbo chini.

"Ng'ombe hawakurudi. Ndoa haikufa. Ryoba ni wa mji huu. Kaburi haliguswi."

Mama akakaa chini palepale, kwenye majani.

Tulikuwa tumeshinda! Ningeweza kuishia hapo, na hiki kisa usingekisoma kamwe.

Lakini baba mkubwa akapandwa na hasira.

"Ng'ombe, ng'ombe! Na damu je? Tumbo la Wegesa ni tumbo la malaya! Mwanamke aliyekimbia mji! Kilichotoka tumbo lile hakistahili hata kigoda hapa!"

Nikafungua mdomo. Mama akanitazama. Nikaufunga... Mungu shahidi, niliufunga.

Aliyesimama ni Simioni, niliyekuwa nimemkalisha nyuma yangu. Magoti yalilia, kila mtu aliyasikia.

"Nyamhanga, mwanangu. Kaa kwanza."

"Wewe ni nani?"

"Ni mtu aliyemzika mama yako."

"Mama yangu amezikwa hapo nyuma ya nyumba!"

"Huyo alikunyonyesha. Aliyekuzaa nilimzika Kisaka."

Simioni akaeleza. Kichanga kilichokufa, maziwa, wanawake watatu. Hakupandisha sauti. Mzee Waitara akaiomba ile barua tena, akaukazia macho mstari mmoja. "Mkubwa hajambo, analala nyumba ileile, hajui kitu." Mji wote ulikuwa na wavulana wawili tu miaka ile. Kila mzee pale alijua hilo.

"Uongo!" baba mkubwa akapiga kelele. "Uongo mtupu! Liko wapi hilo daftari? Lileteni nilione kwa macho yangu!"

Polepole macho yote yakamgeukia Jackson.

Jackson akajikuna kisogo. "Mzee... si nilikukabidhi?"

Baba mkubwa akamkazia jicho.

"Jana asubuhi. Ukalitia motoni jikoni. Nikakuuliza hutaki hata kulifungua? Ukasema takataka haifunguliwi."

Baba mkubwa alikuwa ameuchoma wasifu wa mama yake mzazi bila kuusoma!

* * *

Siku tatu hakutoka nje. Ya nne akaja uani kwetu, mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Hakuomba kiti.

"Ghati. Wewe ulilisoma lile daftari kabla..."

"Nililisoma."

"Ukurasa wote?"

"Wote. Mara mbili."

"Palikuwa na... kuna lolote aliloniambia mimi?"

Niseme ukweli wangu. Nilitaka kumwambia hapana. Nilikuwa na kila sababu! Jina la baba yangu alilifuta kwa kalamu, na kaburi lake alitaka kulifuta kwa sururu. Sasa maneno ya mama yake yalikuwa kichwani mwangu mimi peke yangu, kwa sababu hata mzee Simioni alishakiri kwamba sentensi zenyewe hazikumbuki. Ningeyameza tu, yangekufa na mimi. Nani angejua?

Nikamtazama. Mzee wa miaka hamsini na tisa amesimama uani kama mtu aliyetumwa.

"Kulikuwa na mstari mmoja," nikasema. "Aliomba usomwe kaburini. Ulisema hivi: 'Nyamhanga nilimnyonyesha siku nne, nikampa mwenye uchungu kuliko mimi. Asije akadhani nilimtupa.'"

Akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima vile, akashika kichwa.

"Niandikie," akaniambia. "Niandikie kama ulivyokuwa, wote. Nitakwenda nao Kisaka."

Nikaingia ndani kutafuta kalamu.

Sikumsamehe siku ile, usinielewe vibaya. Nilimwandikia kwa sababu wasifu ni mali ya marehemu. Si mali yako wewe unayeusoma, wala unayeutunza, na hata ukiwa na hasira kama yangu huna ruhusa ya kuupunguza.

Na nawaambia ninyi mnaogombania mashamba kwa kuchambua nani kazaliwa na nani: kabla hujamvua mwenzio ukoo, hakikisha umeshauliza habari za tumbo lako. Wenye majibu wanazeeka. Wengine wako Kisaka wanapukuchua mahindi, na madaftari yao yako kwenye magunia, na hakuna aliyewahi kwenda kuwauliza.