Mshale Uliohama Mguu

Asubuhi Mama Wino alijichora mstari karibu na kifundo cha mkono, na kabla chai yake haijapoa, mstari ulikuwa karibu na kiwiko.

Alidhani amesahau alipouchora. Kazi yake ilikuwa hiyo: kujichora mistari mkononi, kuiacha ikauke, kisha kuisugua kwa iodini, ile dawa ya kahawia anayosafishiwa mgonjwa ngozi kabla ya kupasuliwa. Wino wa kawaida huondoka papo hapo, daktari akabaki anakisia alipopanga kukata. Wino wake yeye, wa zambarau, ulitakiwa ubaki. Tena uwe safi, bila kijidudu hata kimoja, maana pale inapopita ncha ya kalamu ndipo kitakapopita kisu. Alikuwa ameupika na kuumwaga kwa miaka, hata majirani wakasahau jina alilopewa na wazazi wake.

"Shemeji, hebu njoo uone," aliita.

Alikuja mdogo wa marehemu mumewe, waliyemwita Kifuniko. Kazi yake ilikuwa kuzifunika kalamu vifuniko, na mdomo wake mwenyewe haukuwa nacho.

"Mstari umechoka kukaa mahali pamoja," alisema Kifuniko. "Hata mimi nimechoka, ila sina pa kuhamia."

Mama Wino alicheka, akaenda kuufungua mtungi wa mvuke, ule wa kuulia vijidudu kwenye kalamu. Kalamu zikishaiva humo, maji yaliyobaki aliyamwaga yangali yanachemka kwenye mtaro wa nyuma, uliofunikwa kwa wavu wa chuma. Aliinamisha ndoo kwa mkono wake wa kulia. Maji yakazama yakifoka. Kisha huko chini kitu kikatoa sauti nyembamba, kama mtoto anayelia huku amezibwa mdomo.

"Umesikia?"

"Paka," alisema Kifuniko.

"Paka ndani ya maji ya moto?"

"Basi panya mwenye sauti nzuri. Shemeji, tafadhali, usianze. Tuna kazi."

Kweli walikuwa na kazi. Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa na uvimbe ndani ya mfupa wa mguu wa kushoto. Mpasuaji ambaye angemkata ndiye aliyezijaribu kalamu zao, akaziridhia. Angemchora Kitinda kwa kalamu iliyotoka kwenye meza hii hii. Kwa hiyo Mama Wino alitaka wino ule uwe safi kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa. Alichemsha zaidi, akamwaga zaidi.

Harufu ikaanza. Kwanza ya nywele zilizoungua, halafu ya nyama iliyochemshwa bila chumvi. Walisugua sakafu, walifungua madirisha, haikutoka. Siku moja walipofungua mlango walikuta nyayo ndogo za zambarau, zimetoka mlango wa nyuma mpaka kwenye kiti cha Mama Wino. Zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Aliyepita hapo alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja.

Kifuniko hakutania. Alichukua tambara, akazifuta zote.

Siku ya upasuaji ilifika. Mpasuaji aliinama juu ya kitanda, akachora mshale kwenye muundi wa kushoto wa Kitinda, akaupuliza kidogo. "Wino wa mama yako huu," alisema. "Leo unasafiri na mtu mkubwa." Kitinda akatabasamu. Daktari akatoka kwenda kujiandaa, na mama na binti wakabaki peke yao, jua la adhuhuri likiwaka dirishani.

"Mama," alinong'ona Kitinda, "inatekenya."

Mama Wino alitazama, akauona mshale ukijikunja kama mnyoo chini ya ngozi, ukapanda gotini, ukaingia chini ya shuka, na alipolivuta shuka kwa mikono yote miwili ulikuwa umeshavuka upande wa pili na unateremka kwenye mguu wa kulia, ule mzima, ule ambao mtoto alikuwa akiusimamia kila alipoumwa, polepole, bila haraka yoyote, mpaka ukafika kwenye muundi, ukajinyoosha, ukatulia, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua. Alisugua kwa iodini. Alisugua kwa spiriti. Alisugua mpaka mtoto akalia. Miaka yote hiyo alitafuta wino usiofutika, na sasa alikuwa ameupata.

Mpasuaji alirudi, akashtuka. "Nani amechezea alama yangu? Mama, unajua tukiingia ndani atafunikwa mwili mzima, patabaki wazi penye alama tu? Ningempasua mguu usiougua!"

"Sijaugusa, daktari. Umehama wenyewe."

Mpasuaji aliitoa kalamu mfukoni. Alichora mshale mwingine kushoto, nao ukahama mbele ya macho yake. Kalamu ikamdondoka.

"Leo simkati," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini uvimbe hautungoji, mama. Kesho asubuhi, au tutachelewa."

Jioni hiyo Kifuniko alimleta shangazi yake, mwanamke mnene mwenye hasira za karibu, anayejulikana kwa kupunga majini.

"Harusini hamkunialika," alisema akiingia. "Leo ndiyo mmejua nina miguu?"

Kisha akaisikia ile harufu. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akachuchumaa kwenye wavu wa mtaro. "Mnamwaga nini hapa?"

"Maji ya mtungi," alijibu Mama Wino.

"Ya moto? Bila hodi?"

Shangazi aliuweka mkono juu ya chuma. "Mwenye nyumba wa huko chini," alisema taratibu, "tumekuja kusikia."

Nyuma yao Kifuniko akaangua kilio, na kilio hicho hakikuwa chake. Macho yalimgeuka meupe. Mdomo wake usio na kifuniko ukafunguka, ikatoka sauti ya mwanamke, nzito na yenye unyevu.

"Nilimlaza mwanangu. Mkammwagia. Akalia, mkasema paka. Nikamhamisha pembeni, mkamfuata na maji mengine. Mguu wake wa kulia ulitoka mkononi mwangu kama nyama ya mchuzi. Nautaka wa mwanao. Nyinyi wenyewe mtaukata, kwa alama yenu wenyewe."

"Msamehe, hakujua," Shangazi alisema.

"Mguu kwa mguu."

Mama Wino alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa. "Mguu wa mwanangu haukumwaga maji," alisema, akaunyoosha mkono wa kulia juu ya wavu. "Uliomwaga ni huu."

Mvuke ulipanda mtaroni, ingawa hakuna aliyemwaga kitu, ukauzunguka mkono ule kama ulimi unaoonja.

"Mkono nakubali," ilisema sauti. "Lakini sitafanya haraka. Mguu wa mwanangu haukutoka haraka."

Kifuniko akaanguka. Shangazi alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi mguu wa kulia wa Kitinda ulikuwa safi. Daktari alichora kushoto, wote watatu wakautazama mshale mpaka ukakauka. Haukuhama. Uvimbe ulitolewa, na baada ya wiki kadhaa Kitinda alikuwa akitembea kwa magongo, akimtania baba yake mdogo, Kifuniko, kwamba yeye sasa ana miguu minne.

Siku hizi maji ya mtungi hupozwa, na kabla ya kumwagwa Mama Wino hupiga hodi. Kifuniko hacheki akisikia. Huvaa nguo za mikono mirefu, huyu Mama Wino, hata kwenye joto. Mgongoni mwa kiganja chake cha kulia kuna mshale wa zambarau, unaelekea kwenye kifundo. Na kuzunguka kifundo kuna nukta, zile wanazochora wapasuaji mahali pa kukata. Kila akiamka hukuta moja imeongezeka. Zinakaribia kukutana.

Jioni hukaa mezani na Kitinda, kalamu mkono wa kushoto, anajifunza kuandika herufi upya.

"Mama, ona hii a yako!" Kitinda hucheka. "Kama kuku kakanyaga wino!"

"Nifundishe basi, mwalimu," husema mama, naye hucheka.

Na huko nyuma, chini ya wavu wa chuma, kitu kidogo hurukaruka kwa mguu mmoja, kikisubiri.